Besi Mbovu Kwenye Gari: Kutafuta Kasoro ya Boksi la Sabufa na Kuirekebisha

Besi ikisumbua, wengi hukimbilia sabufa kubwa zaidi au amplifaya yenye wati nyingi. Mara nyingi mgonjwa hakuwa spika wala amplifaya, bali boksi. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana na besi inatoweka. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuyatenganisha. Kazi ya pili, inayosahaulika, inafanywa na hewa iliyofungiwa ndani: inakuwa springi inayoirudisha koni mahali pake. Kwa hiyo lita za hewa, ugumu wa kuta na poti (tundu au bomba la kupitishia hewa) kama ipo ni sehemu ya spika yenyewe sawa na sumaku na koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni. Ukigusa kimoja, umeibadili spika.

Nimepanga mambo kwa dalili, maana mtu hufika na malalamiko, hafiki na hesabu. Badili kitu kimoja, sikiliza, ndipo uende kwa kingine. Anza na yale unayoweza kuyarudisha yalivyokuwa. Msumeno uje mwisho.

Kabla ya kulishtaki boksi

Chomoa sabufa kwenye amplifaya, weka multimita kwenye omu, pima koili. Koili ya omu 4 husoma takriban 3.2 hadi 3.6, na ya omu 2 takriban 1.6 hadi 1.8. Multimita isiposoma kitu, au ikisoma sifuri, koili imekufa na boksi halina hatia. Sabufa yenye koili mbili ipimwe kila koili peke yake.

Kisha chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mara moja tu na kwa kugusa. Koni iruke kwenda nje. Ikiingia ndani, kuna mahali waya zimepishana. Kwenye sabufa ya koili mbili kosa hili ni baya zaidi: koili moja ikiwa imegeuzwa, zinavutana, koni haiendi popote, na umeme wote unaishia kuwa joto.

Jambo la tatu ni geini ya amplifaya. Nobu hiyo haikuwekwa ili kuongeza sauti; kazi yake ni kulinganisha amplifaya na nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye redio. Zidisha wati za amplifaya kwa omu za sabufa, tafuta mzizi wa mraba, na jibu ndilo volti unazotakiwa kuona. Wati 300 kwenye omu 4 ni volti 34.6, wati 500 kwenye omu 2 ni volti 31.6. Cheza tani, yaani sauti ya masafa mamoja, ya Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) sabufa ikiwa imechomolewa, ekolaiza zote zikiwa sifuri, redio ikiwa robo tatu ya sauti yake. Pandisha geini taratibu ukiwa umeshikiza multimita iliyowekwa kwenye volti za AC kwenye matokeo ya amplifaya, usimame ukifika namba hiyo. Ile nobu ya kuongeza besi iache sifuri, na ile iliyoandikwa LPF, inayokata masafa ya juu, anza nayo Hz 80.

Ukirudisha sabufa na malalamiko yakaisha, funga vifaa vyako. Yakibaki, endelea.

Kila wimbo una besi ileile

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina sababu nyingi kuliko yote. Noti za gitaa la besi hazitofautiki. Kila moja inatoka "bumm" moja ndefu. Ngoma inapigwa na mwangwi wake unabaki hadi pigo linalofuata. Kuna noti moja inayotikisa gari zima na nyingine hazisikiki kabisa.

Kama boksi ni la kuzibwa, lisilo na poti, shuku lita kwanza. Karatasi ya sabufa ina vipimo vitatu unavyovihitaji: Fs (masafa ambayo spika inavuma yenyewe ikiwa nje ya boksi), Qts (jinsi mtikisiko wa koni unavyodhibitiwa) na Vas (lita za hewa zenye ulegevu sawa na wa mishikizo ya koni). Vimetokana na kazi ya Thiele na Small huko Australia. Thiele alichapisha makala yake mwaka 1961, na Small akaiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yao boksi lilikuwa kwa sehemu kubwa la kubahatisha. Siku hizi lipo la kuhesabu, ingawa wengi bado wanabahatisha.

Gawanya Vas kwa lita za boksi lako, ongeza 1, tafuta mzizi wa mraba, zidisha jibu kwa Qts. Unachopata kinaitwa Qtc, yaani Qts ya spika ikiwa ndani ya boksi. Ikiwa 0.707 sauti iko tambarare. Ikifika 1 kuna kinundu juu kidogo ya besi ya chini, na baadhi ya watu wanakipenda kwa sababu kinaifanya ngoma igonge kifua. Ikipita 1.2 umeingia kwenye ile "bumm" yenyewe. Tuseme sabufa ina Qts 0.5, Vas lita 60 na Fs Hz 28, na boksi ni lita 20. Sitini gawanya kwa ishirini ni tatu, ongeza moja ni nne, mzizi wake ni mbili, mara 0.5 ni 1. Mzizi huohuo wa mbili unazidisha Fs pia: sasa mfumo mzima unavuma kwenye Hz 56, na chini ya hapo besi inaporomoka desibeli 12 kila masafa yanapopungua kwa nusu. Sabufa hiyohiyo kwenye lita 60 ingekuwa na Qtc 0.707 na ingeshuka hadi karibu Hz 40. Spika ni ileile na amplifaya ni ileile.

Mtego uko kwenye kupima. Watu hupima boksi kwa nje. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 35 linasoma lita 84 kwa nje, lakini mbao za milimita 18 zikitolewa pande zote zinabaki 56.4 kwa 36.4 kwa 31.4, yaani lita 64.5. Toa na sumaku, ambayo hula lita mbili hadi nne, toa na mihimili na poti. Fundi anayekuambia "hili ni la lita themanini" amepima zulia.

Ukigundua hewa ni ndogo, kuna ngazi za kupanda kabla ya kubomoa. Ya kwanza ni pamba ya polista, ile ya kujazia mito. Nyuzi zake hunyonya joto la hewa inapokandamizwa, na koni inahisi kama iko kwenye boksi kubwa zaidi; kwa vitendo tegemea asilimia 10 hadi 20. Weka kama gramu 10 kwa kila lita, ichambue ijae bila kushindiliwa, na usiiache ikagusa koni kwa nyuma. Ukiishindilia kama godoro, unarudi ulikotoka, kwa sababu sasa umeiba nafasi ya hewa.

Ngazi ya pili ni kugeuza spika, sumaku ikae nje. Lita za sumaku zinarudi ndani ya boksi, nawe unapishana waya ili koni iendelee kusukuma upande uleule. Angalia tu kama fremu inakubali kufungwa hivyo, na kama kifuniko cha buti hakitaigonga. Ya tatu ni ya wenye boksi la vyumba viwili wanaotumia sabufa moja: toboa ukuta wa katikati matundu makubwa na uzibe tundu la spika lisilotumika kwa ubao uliogundishwa na kufungwa skrubu. Ukuta wenyewe unabaki kama mhimili. Huo ndio ukarabati wenye faida kubwa kwa kazi ndogo ninaoujua.

Kama boksi lina poti, hesabu ni nyingine. Hewa iliyo ndani ya poti inacheza juu ya springi ya hewa ya boksi kama chupa unapopuliza mdomoni mwake, na ina masafa yake yanayoitwa Fb. Maboksi mengi yaliyotengenezwa tayari yametyuniwa juu, Hz 45 na kuendelea, kwa sababu yanasikika kwa nguvu mteja akiyajaribu dakika mbili. Ndani ya gari, hilo ni kosa maradufu. Kabini iliyofungwa huinua besi yenyewe, kuanzia masafa ambayo nusu ya wimbi lake inalingana na urefu wa kabini. Kabini ya mita 2.5 inaanza karibu Hz 69 kwenda chini. Poti ya Hz 48 inaongeza kinundu chake juu ya kinundu cha gari.

Kuijua Fb hakuhitaji kifaa, macho yanatosha. Pakua programu yoyote ya simu inayotoa tani, weka sauti ya wastani, anza Hz 70 ukishuka Hz moja moja huku ukiangalia koni kwa ubavu chini ya mwanga. Mwanzoni inatikisika kwa upana. Unavyoshuka, mtikisiko unapungua ingawa hujagusa sauti, mpaka unafika mahali ukingo wa mpira unaonekana kama umesimama. Hapohapo shikilia ukanda wa karatasi laini mbele ya poti: unapigwa nje ndani kwa nguvu. Umeipata Fb. Shuka Hz tano zaidi na koni inaanza kuruka tena, safari hii kwa fujo. Andika namba hiyo mahali, utaihitaji mara mbili tena.

Kuishusha Fb ni kurefusha poti. Kwa bomba la mviringo: zidisha 23,562 kwa kipenyo cha sentimita kilichozidishwa kwa chenyewe, gawanya kwa lita za boksi, gawanya tena kwa Fb mara Fb, kisha toa kipenyo mara 0.732. Jibu ni urefu kwa sentimita. Boksi la lita 50 lenye bomba la sentimita 10 na urefu wa 16 limetyuniwa Hz 45. Kulishusha hadi 35 unahitaji bomba la sentimita 31. Lisipoingia moja kwa moja, tumia kona ya bomba, ila mdomo wa ndani uwe mbali na ukuta angalau sawa na kipenyo chake. Poti ya mpasuo ya mbao hurefushwa kwa kuongeza kipande kinachopinda kwenye kona, na kumbuka kipande hicho kinakula hewa ya boksi.

Kuna wakati boksi halina kosa na "bumm" ipo. Spika za mbele nazo zinacheza Hz 60 na sabufa inacheza Hz 60, zinalundikana. Zikate za mbele chini ya Hz 80 kwa filta ya HPF. Kinundu kikibaki, punguza desibeli tatu au nne kwenye ekolaiza hapo kinapovimba.

Poti inahema

Unasikia pumzi, "hhh-hhh", juu ya besi, hasa kwenye noti ndefu. Hewa inapita kwenye mlango mwembamba kwa kasi kubwa mno. Ikibaki chini ya mita 17 kwa sekunde ni kimya. Juu ya 25 au 30 utaisikia hata madirisha yakiwa wazi.

Mtu akisikia hivyo huweka poti pana, na hapo anaharibu kingine. Chukua boksi la lita 40 unalotaka liwe Hz 38. Bomba la sentimita 7.5 linahitaji urefu wa 17.5. La sentimita 10 linahitaji 33.5. La sentimita 15 linahitaji 81, nalo halitoshi ndani ya boksi hilo hata ulikunje. Ukibadili upana bila kubadili urefu, Fb inapanda na unarudi kwenye sura iliyopita ya malalamiko. Kwa hiyo panda saizi moja, hesabu urefu upya, na utoe ujazo wa bomba jipya kwenye lita zako.

Kabla ya hapo jaribu kilicho rahisi: midomo. Bomba lililokatwa kwa msumeno na kuachwa na makali hupasua hewa. Weka midomo iliyopanuka kama tarumbeta ncha zote mbili, au kwa poti ya mbao viringisha kingo kwa msasa hadi kidole kisihisi kona. Angalia pia kama pamba haijasogea ikaziba mdomo wa ndani. Kwenye boksi la poti pamba inabandikwa kutani tu.

Mzomeo, mluzi, au "pff" isiyo kwenye wimbo

Huu ni uvujaji, na unadanganya watu kwa sababu unasikika kama spika iliyochanika.

Zima kila kitu. Weka viganja viwili kwenye koni, pande mbili zinazokabiliana, sukuma ndani kwa upole na ushikilie. Boksi la kuzibwa lililo zima linakusukuma, na linaendelea kukusukuma. Lenye tundu linakusukuma mwanzo kisha linalegea mkononi hewa ikikimbia, na mahali palipotulia unaisikia ikitoka. Kwenye boksi la poti jaribio hili halifai. Huko cheza Hz 30 kwa sauti ndogo na upitishe ukanda wa karatasi kwenye kila kiungo.

Mtuhumiwa nambari moja ni kile kikombe cha plastiki cha kuunganishia waya mgongoni mwa boksi. Kimeshikiliwa na skrubu nne, hakina gasketi, na matundu ya nati zake yameachwa bila kuzibwa. Nambari mbili ni ukingo wa spika: skrubu zimelegea, au mbao ya MDF imeshika unyevu ikavimba, au gasketi ya povu imekaa miaka ikawa karatasi. Nambari tatu ni viungo vilivyogongwa pini za stepla na gundi ya kupaka juujuu, ambavyo zulia zuri la nje linavificha.

Viungo zibia kwa ndani. Toa sabufa, ingiza mkono, pitisha gundi ya mbao kwenye kona zote na uisukume kwa kidole, au tumia silikoni. Ukitumia silikoni inayonuka siki, iache boksi likiwa wazi mpaka harufu iishe kabisa, kwa sababu mvuke wake si rafiki wa gundi na chuma cha spika. Ukingo wa spika uwekee ukanda mpya wa povu lenye vitundu vilivyofungwa, kaza skrubu kwa kuvuka, moja huku na inayofuata upande wa pili, na usizikaze mpaka MDF ikapoteza meno. Ikishapoteza, weka boliti na nati za kugongelea kwa nyuma.

Nje ya gari unaisikia, kwenye kiti hakuna kitu

Hapa kwanza geuza waya za sabufa, chanya kwa hasi, kwenye boksi. Kaa kwenye kiti chako, cheza wimbo uleule, chagua upande wenye besi nyingi karibu na Hz 80. Sabufa na spika za mbele zilikuwa zinafutana. Ni kazi ya dakika moja na inapaswa kufanywa hata kama hulalamiki. Ukiwa na sabufa mbili, hakikisha zote zinaruka nje kwa pamoja. Zikipishana unaweza kuziona zikipiga kazi kubwa huku gari liko kimya.

Kama haikusaidia, geuza boksi. Kwenye gari la buti lililofungwa, sabufa inayotazama nyuma na kuwa karibu na ukuta wa nyuma mara nyingi hushinda ile inayotazama viti. Masafa ya Hz 40 yana wimbi la zaidi ya mita 8.5, kwa hiyo koni inatazama wapi si hoja kwa sikio. Hoja ni umbali kati ya koni, bati na tundu ambalo besi inapitia kuingia kabini. Sogeza sentimita 15, sikiliza, sogeza tena. Viti vya nyuma vyenye bati nzima mgongoni vinaweza kuzuia karibu kila kitu. Laza sehemu ya kiti ujaribu. Ukipata tofauti kubwa, tatizo lako ni njia ya sauti, usiliguse boksi.

Kuna pia boksi lililo kubwa mno kwa sabufa yake, lakini hilo husikika hafifu kwa sababu unaogopa kuongeza sauti, na ndilo linalofuata.

Koni inaruka hadi inagonga

"Tak!" kali kwenye noti ya chini, kama jiwe limerushwa kwenye mbao. Koili imegonga bati la nyuma la sumaku. Punguza sauti sasa hivi, si baada ya wimbo kuisha. Mapigo machache yanatosha kupinda fremu ya koili.

Boksi la poti chini ya Fb halina springi. Hewa inaingia na kutoka kwenye poti bila kuizuia koni, na sauti haiongezeki, kinachoongezeka ni kuruka tu. Ndiyo maana amplifaya nyingi zina filta ya kukata masafa ya chini kabisa. Chukua ile Fb uliyoandika, toa Hz tano hadi saba, weka filta hapo. Boksi la Hz 35 liwekewe 28 hadi 30. Kama amplifaya haina filta hiyo, boksi la poti na nyimbo zenye besi ya kushuka sana havitakaa pamoja kwa amani, na ningelipendekeza boksi la kuzibwa bila kusita.

Boksi la kuzibwa likifanya hivi, ama linavuja, ama lina lita nyingi kupita kiasi na springi yake imekuwa legevu. Kulipunguza ni rahisi kuliko kulikuza. Kata vipande vizito vya mbao, jua ujazo wake, vipange ndani vikiwa vimefungwa visisogee, funga sabufa, sikiliza. Lita tatu zinatosha kusikika kwenye boksi la 30. Ukiridhika, vigundishe na uvifunge skrubu. Ukiwa na akili ya fundi seremala utavikata viwe mihimili kabisa, viunge ubao wa mbele na wa nyuma, upate vitu viwili kwa kazi moja.

Mtetemo

Tenganisha mtetemo wa boksi na wa gari. Toa boksi, liweke chini na waya ndefu, cheza tani ukishuka kutoka Hz 100 hadi 30. Likinyamaza nje na kupiga kelele ndani, ni gari: kibao cha namba, bawaba za buti, taa ya breki ya juu, rafu ya nyuma ya kiti, hata jeki iliyolegea. Mwenzako azungushe tani taratibu, wewe bonyeza bati na plastiki kwa kiganja kimoja kimoja. Mtetemo utakufa chini ya mkono wako na hapo ndipo pa kubandika povu au karatasi nzito ya butili.

Likitetemeka nje pia, gonga kuta kwa kifundo cha kidole. Ukuta mgumu unajibu "tok" fupi. Ukuta mwembamba unajibu kama ngoma. Ukuta wowote wenye nafasi tupu zaidi ya sentimita 30 unastahili mhimili unaounga pande mbili zinazotazamana, usiwe katikati kabisa. Ubao wa mbele ndio unaoteseka zaidi kwa sababu umebeba spika. Uongezee ubao wa pili wa milimita 18 kwa ndani au nje, gundi ikipakwa uso mzima, si nukta nukta. Mbao chini ya milimita 15 kwa sabufa ya inchi 12 sioni haja ya kuihangaikia, badala yake tengeneza jipya. Na ukikata MDF vaa barakoa, vumbi lake ni laini na linaingia mbali.

Harufu ya kuungua

Hili si la boksi. Koili inapata joto kwa sababu mawimbi yamekatwa vichwa na geini iliyozidi, au kwa sababu omu ulizounganisha hazilingani na amplifaya. Rudi juu kwenye multimita.

Lini uache kukarabati

Hesabu ikikuambia boksi lina nusu ya lita zinazohitajika, pamba haitaliokoa na kugeuza sumaku hakutatosha. Vivyo hivyo ukitaka kuligeuza boksi la kuzibwa kuwa la poti kwa kutoboa tundu tu: sabufa nyingi zinataka lita zaidi kwenye poti kuliko kwenye boksi la kuzibwa, na si kila sabufa inafaa. Gawanya Fs kwa Qes, kipimo kingine kilicho kwenye karatasi ya sabufa. Jibu likiwa karibu na 50 au chini, iache kwenye boksi la kuzibwa. Likikaribia 100, poti inaifaa. Katikati unaweza kwenda popote. Kinyume chake, kuziba poti ya boksi kubwa kwa kizibo cha mbao chenye povu ni jaribio zuri la jioni moja, na linarudishika. Pima Qtc mpya kabla hujapandisha sauti.

Boksi likikaa sawa, lifunge kwenye sakafu ya buti kwa boliti au mikanda ya chuma. Kilo 30 za MDF na sumaku hazitakaa nyuma ya kiti siku utakapokanyaga breki kwa nguvu. Fyuzi ya waya mkuu iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na baada ya wiki mbili za kupiga muziki rudi na bisibisi: skrubu za ukingo wa spika zitakuwa zimelegea tena.